Je, Wajua? Mtoto Aliyejizaa Mwenyewe

Alianza kusema akiwa tumboni
Katika filamu ya katuni ya Kifaransa Kirikou et la sorcière (1998), shujaa Kirikou anamwomba mama yake amzae. Mama anamjibu kuwa mtoto anayeweza kusema tumboni anaweza pia kujizaa. Basi mtoto anatambaa nje, anajikata kitovu na kujitajia jina. Hafikii hata goti la mtu mzima, na dakika chache baadaye anakwenda kupambana na mchawi!

Mwiba ndio uliomfanya mchawi
Mchawi huyo, Karaba, amewatia wanakijiji hofu, lakini Kirikou ana swali moja: kwa nini ana roho mbaya? Kumbe ana mwiba uliopigiliwa mgongoni, na ndio unaompa uchawi na maumivu kwa pamoja. Kirikou hamuui, anauchomoa kwa meno yake. Tena wanaume wa kijiji wanaodhaniwa kuliwa naye wapo hai. Karaba aliwageuza vitu, wakawa watumishi wake. Sijui hadithi nyingi za watoto zinazothubutu kumpa mchawi huruma kiasi hicho.

Mfaransa wa Conakry
Mwongozaji Michel Ocelot alizaliwa Ufaransa mwaka 1943, lakini utoto wake ulipita Guinea, katika mji wa Conakry. Mbegu ya hadithi aliitoa kwenye ngano za Afrika Magharibi zilizokusanywa na ofisa wa kikoloni, François-Victor Équilbecq, mwanzoni mwa karne ya 20.

Kijiji cha Afrika, penseli za Ulaya Mashariki
Sehemu kubwa ya uchoraji ilifanyika Latvia na Hungaria. Sauti, hata hivyo, zilirekodiwa Dakar na Wasenegali, watoto kwa wakubwa. Awa Sène Sarr ndiye Karaba. Muziki ukatungwa na Youssou N'Dour. Ukifumba macho uko Senegali kabisa.

Alikataa kuwavisha
Wanawake wa filamu hii wako vifua wazi, na watoto wadogo wako uchi, kama walivyozoea kuonekana vijijini zamani zile. Baadhi ya wafanyabiashara wa filamu waliingiwa na hofu, na usambazaji katika nchi zinazozungumza Kiingereza ukasuasua. Ocelot hakukubali kuongeza hata kitambaa. Nami nasema alifanya vyema: kuwafunika kungewafanya waonekane wana aibu ya kitu ambacho hawakioni kuwa aibu.

Karatasi na mkasi
Hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, naye tayari alikuwa na miaka 55! Kabla ya hapo aliishi kwa filamu fupi. Les Trois Inventeurs, iliyompatia tuzo ya BAFTA, ina wahusika wa karatasi nyeupe iliyokatwa kwa ufundi hadi ikafanana na lesi. Nyingine alizitengeneza kwa vivuli vyeusi vilivyomulikwa kwa nyuma, njia isiyohitaji fedha nyingi. Ufukara wa studio ukageuka mtindo.

Kisha milango ikafunguka
Mwaka 1999 Kirikou alitwaa tuzo kuu ya filamu ndefu kwenye tamasha la filamu za katuni la Annecy, na Ufaransa pekee tiketi zilipita milioni 1. Baadaye Ocelot alimtengenezea mwimbaji Björk video ya muziki, na mwaka 2019 filamu yake Dilili à Paris ikashinda tuzo ya César.

Ukiipata filamu ya Kirikou, itazame pamoja na watoto. Ina dakika zisizozidi 75, na mtakapomaliza watakuwa wanaimba wimbo wake.