Kompyuta Kuukuu ya Nyumbani: Kabla ya Kuongeza RAM au Kubadili Diski

Kompyuta iliyokaa nyumbani miaka minane au kumi aghalabu haifi ghafla, huchelewa. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kwenda jikoni kuchemsha chai na kurudi ukaikuta bado inazungusha kiduara. Mwenyewe huipeleka dukani, na jibu analopewa huwa moja kati ya mawili: “Hii imekwisha, nunua nyingine,” au “Tuiongezee RAM.” Lolote kati ya majibu hayo laweza kuwa sahihi. Tatizo ni kwamba mara nyingi hutolewa kabla mashine haijafunguliwa wala kupimwa, na gharama ya kukisia humwangukia mlaji.

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua kinachoichelewesha kompyuta, namna ya kununua kipuri kinachoifaa na, jambo linalosahauliwa kuliko yote, namna ya kuilinda diski ya zamani baada ya kutolewa.

Meza na kabati

Kompyuta ina sehemu mbili za kuhifadhia ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo madukani huitwa RAM. Ya pili ni diski kuu, ambamo hukaa picha, barua, mahesabu na programu zenyewe, hata umeme ukikatika. Ichukulie RAM kuwa meza ya fundi cherehani, na diski kuwa kabati lake la vitambaa. Kazi hufanyika mezani. Meza ikiwa ndogo, fundi hulazimika kila mara kurudisha kitambaa kabatini ili apate nafasi ya kutandaza kingine. Na kabati likiwa na milango mizito, hata mwenye meza kubwa atangoja.

Kompyuta nyingi zilizouzwa kati ya mwaka 2010 na 2016 zilikuja na RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Ndani ya diski ya namna hiyo mna sahani za sumaku zinazozunguka, kwa kompyuta mpakato mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaosogea huku na huko kutafuta taarifa. Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka. Diski ya kuzunguka husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde mambo yakienda vizuri. SSD ya kawaida inayochomekwa mahali palepale hufikia 500. Lakini faida yake kubwa zaidi iko katika kutafuta: kila faili dogo ambalo mkono ule ungelisakia, SSD hulipata karibu papo hapo. Kuwasha kompyuta ni kusoma maelfu ya mafaili madogo, na ndiyo sababu mabadiliko huonekana hapo kwanza.

Kujua kipi kinachokuchelewesha hakuhitaji fundi. Kwenye kompyuta inayotumia Windows 10, fungua programu unazozitumia kila siku, kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Katika dirisha litakalofunguka, tafuta ukurasa wa utendaji, wenye michoro ya kumbukumbu na ya diski. Ukiona diski imekaa kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa ilhali kumbukumbu ina nafasi, diski ndiyo mzigo. Ukiona kumbukumbu imejaa karibu yote, meza ni ndogo. Vyote viwili vikijaa pamoja, huenda diski inahangaika kwa sababu RAM imefurika na kompyuta inaitumia diski kama meza ya akiba. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka ambaye fedha yake inatosha kipuri kimoja tu aanze na SSD, kisha aongeze RAM hadi gigabaiti 8 atakapojaliwa.

Kipuri kinacholingana

RAM haiuzwi kwa ukubwa peke yake. Kuna vizazi, navyo haviingiliani: DDR2, DDR3, DDR4. Kila kizazi kina pengo lake pembeni mwa kipande, limewekwa mahali tofauti kusudi kisiingie pasipo pake. Kipande kisipokubali kuingia, usiruhusu kisukumwe. Vipande vya kompyuta mpakato ni vifupi, vya kompyuta ya mezani ni virefu, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Liko kosa moja ambalo halionekani kwa macho. Kompyuta mpakato nyingi za kuanzia mwaka 2013 hivi hutumia DDR3L, inayofanya kazi kwa volti 1.35, wakati DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5. Umbo lake ni lilelile na hupachikwa vilevile, lakini baadhi ya kompyuta zinazotaka ya volti ndogo hazitawaka kabisa zikiwekewa ile nyingine. Soma kibandiko cha kipande kilichomo: PC3L ni ya volti ndogo, PC3 bila herufi L ni ya kawaida. Njia salama kuliko zote ni kwenda dukani na kipande chenyewe, au picha yake iliyopigwa karibu.

Kabla hujalipa, uliza pia mambo haya. Je, kompyuta ina nafasi ngapi za kupachikia RAM, na ngapi ziko wazi? Dirisha tulilolitaja hapo juu hulionyesha jambo hilo kwenye ukurasa wa kumbukumbu. Mtengenezaji ameweka kikomo gani? Baadhi ya mashine nyembamba zina RAM iliyolehemewa kwenye ubao mkuu, wala hakuna cha kuongeza. Na je, Windows iliyomo ni ya biti 32 au 64? Ya biti 32, kwa toleo la nyumbani, haitumii zaidi ya gigabaiti 4. Mlaji anayeongeza RAM bila kubadili mfumo huo amenunua meza ya pili akaifungia stoo.

Kwa diski mambo ni mepesi zaidi. Kompyuta nyingi za kipindi hicho hutumia diski ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, na SSD ya aina hiyo huingia mahali palepale. Kazi ya mikono si kubwa: kuzima, kuchomoa waya wa umeme na betri, kugusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha bisibisi ndogo na uvumilivu.

Ukubwa ulioandikwa na ukubwa uliomo

Mlaji hununua SSD ya gigabaiti 240, akiipachika anaona 223. Huo si udanganyifu. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo terabaiti 1 itaonekana kama gigabaiti 931 na gigabaiti 500 kama 465. Upungufu wa kadiri hiyo usikupeleke kugombana na muuzaji.

Udanganyifu wenyewe huwa mkubwa zaidi na hauonekani kwa kutazama. Diski za nje na vihifadhi vya USB vya bandia huwekewa programu ndani inayoidanganya kompyuta: hutangaza terabaiti 2 ilhali ndani mna gigabaiti 32 au 64. Mafaili hunakiliwa bila malalamiko, majina yake huonekana, hata ukubwa wake husomeka. Siku ya kuyafungua ndipo hujulikana kwamba yaliyozidi ukubwa wa kweli yalikuwa yanaandikwa juu ya mengine au hayakuandikwa kabisa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua diski ya namna hiyo akiwa mwanafunzi, kwa bei iliyokuwa nafuu mno, akahamishia humo picha za familia na kuifuta kompyuta ili afanye nafasi. Zilizofunguka zilikuwa chache. Miongoni mwa zilizopotea ni picha za mwisho za bibi yake, na hizo hakuna risiti inayozirudisha.

Dawa yake ni kupima kabla ya kuiamini. Programu ya bure iitwayo H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza diski kwa taarifa za majaribio kisha huzisoma tena moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ni ndefu. Terabaiti 1 kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa tatu kuandika, na kiasi hichohicho kusoma. Iache ifanye usiku kucha, ndani ya siku ambazo muuzaji amekubali kukurudishia fedha. Na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti, maana neno la mdomo husahauliwa na pande zote mbili.

Kuna pia diski zilizotumika ambazo huuzwa kama mpya. Diski huweka kumbukumbu za maisha yake yenyewe, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzisoma. Tazama saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima una saa 8,760. Diski yenye saa 20,000 imefanya kazi zaidi ya miaka miwili mfululizo, hata kama imefungwa kwenye karatasi mpya ya nailoni. Tazama pia idadi ya sehemu zilizoharibika na kubadilishwa: ikizidi sifuri, usiikabidhi kitu usichotaka kukipoteza. Takwimu hizi zaweza kufutwa na mjanja, kwa hiyo zikiwa safi si uthibitisho kamili. Zikiwa mbaya, huo ni uthibitisho tosha. Kuuza kilichotumika si kosa. Kosa ni kukiita kipya.

Diski uliyoitoa ni mali yako

Tuseme mama mwenye duka la dawa ameipeleka kompyuta yake kwa fundi. Amewekewa SSD, mashine inawaka upesi, amefurahi. Fundi anamwambia, “Mama, hii ya zamani niachie, nitakupunguzia bei kidogo.” Naye anaiacha. Ndani yake mna taarifa za benki, nakala ya kitambulisho chake, picha za watoto, na orodha ya wateja pamoja na dawa wanazotumia. Pengine anakumbuka kwamba alifuta kila kitu. Lakini kufuta faili na kumwaga pipa la taka huondoa jina la faili kwenye orodha tu. Yaliyomo hubaki kwenye diski ya kuzunguka mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuyafufua zinapatikana bure.

Kwa mama huyo jambo hili si lake peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu wengine kuzilinda, na taarifa za afya zimo katika kundi linalohitaji uangalifu wa pekee. Punguzo alilopewa huenda likawa ghali sana.

Kwa hiyo iondoke nawe. Ikiwa bado ni nzima, nunua kasha dogo la USB, uipachike humo, na utakuwa na ghala la akiba la kuhifadhia nakala. Ikiwa ni lazima uiuze, andika juu ya diski nzima kwa programu ya kufutia, si kufuta mafaili peke yake. Ikiwa imekufa, sahani zake zitobolewe.

Uangalifu huohuo utumike kwa kompyuta nzima. Kabla ya kuiacha kwa fundi, piga picha ya vibandiko vya RAM na diski, na uandike ukubwa wake. Kipande cha gigabaiti 8 kikibadilishwa na cha 4, kompyuta itawaka kama kawaida na hutajua mpaka baada ya wiki. Fundi mwaminifu hatakasirika ukimwomba ufungue ukurasa wa kumbukumbu mbele yake kabla ya kulipa. Wala usilipie leseni mpya ya Windows kwa sababu tu diski imebadilishwa: kwa kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 8 au matoleo ya baadaye, ufunguo wa leseni umehifadhiwa kwenye ubao mkuu, si kwenye diski.

Inapokuwa bora kuacha

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi zenye prosesa za kabla ya mwaka 2017 au 2018. Kuongeza RAM hakubadilishi hilo. Kompyuta ya namna hiyo bado yafaa kwa kuandika, kusoma na masomo ya watoto, hasa ikiwekewa mfumo wa bure kama Linux Mint au Ubuntu, lakini haifai kufanyia miamala ya benki kwa mfumo usiosasishwa. Pia, ikiwa bei ya SSD, RAM, betri na ufundi kwa pamoja inakaribia bei ya kompyuta iliyotumika yenye umri mdogo zaidi, fedha hiyo iende huko.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, ikiwa ni pamoja na kudai kuwa bidhaa ni mpya wakati sivyo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu zile zilizobandikwa alama ya kampuni isiyozitengeneza. Anza kwa muuzaji, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Asipokusikiliza, peleka lalamiko Tume ya Ushindani ukiwa na risiti ya kielektroniki, kipuri chenyewe pamoja na boksi lake, picha ya majibu ya programu uliyopimia, na tarehe ulizozungumza na muuzaji. Usiitupe diski ya bandia kwa hasira.