Pawatila Iliyokwama: Kabla Hujauziwa Injini Nyingine
Pawatila kuukuu iliyoachwa nje msimu mzima wa mvua huweza kukataa kuzunguka. Mara nyingi ni kutu tu iliyoshikanisha ringi za pistoni na silinda. Usikubali ilazimishwe kwa nguvu. Ringi zitavunjika, na silinda iliyokwaruzika ni gharama nyingine kabisa. Fundi afungue nozeli, amimine oili nyepesi ndani ya silinda, aiache ilowe walau saa 24, kisha alizungushe gurudumu la injini kwa mkono, mbele na nyuma. Ikiachia, oili hiyo itolewe yote kabla ya kuiwasha. Akidai silinda imelika, aipime mbele yako: injini nyingi za namna hii hubadilishwa slivu peke yake. Bei iandikwe kabla ya kazi, na vipuri vilivyotolewa udai urudishiwe.