Swali la Tisa

Nilipowaambia watu wa nyumbani Mombasa kuwa nimepokewa katika maabara ya saikolojia chuoni Nairobi, mjomba aliniuliza, "Hizo nafsi za watu mtazipasua kwa kisu gani?" Sikumlaumu. Mtu akisikia maabara hufikiri chupa, dawa na panya.

Maabara yetu ni chumba chenye meza mbili, rundo la karatasi na kabati la chuma lenye kufuli. Chimbuko la maabara za namna hii hutajwa kuwa ni mji wa Leipzig, Ujerumani, ambako Wilhelm Wundt alifungua yake mwaka 1879. Lakini elimu ya nafsi si ngeni kwetu Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi, akaeleza kwamba nafsi nayo huugua na hutibiwa kama mwili.

Mwanzoni sikuruhusiwa kumhoji mtu. Nilinakili hesabu na kujifunza kuomba idhini: kumweleza mtu tunataka nini, kwamba ana hiari ya kukataa, na kwamba jina lake halitakaa pamoja na majibu yake.

Kisha tulipewa karatasi iitwayo PHQ-9, iliyotungwa Marekani kupima huzuni iliyozidi. Ina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupata alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Tuliipitia tafsiri yake: mmoja alifasiri kwa Kiswahili, mwingine asiyeiona ile ya asili akairudisha kwa Kiingereza, tukalinganisha. Hapo lugha ya nyumbani ilinifaa. Kwetu mtu akilemewa husema tu, "Nina mawazo," na msikilizaji akafahamu.

Swali la tisa huuliza kama mtu amefikiri kuwa ni afadhali afe, au kujidhuru.

Nilipotumwa Mombasa, nilimkuta bibi mmoja, rika la nyanya yangu, ameketi mkekani akichambua mchele. Nilimwamkia kwa adabu, akanikaribisha, akajibu maswali manane bila kinyongo. Nilipofika la tisa ulimi ulikuwa mzito. Mtu mzima, mcha Mungu, nitamwulizaje neno kama hilo? Nikaandika sifuri, nikashukuru, nikaaga. Na wengine waliofuata niliwafanyia vivyo hivyo.

Mwalimu wetu alizipitia karatasi zangu. "Watu hawa wamekujibu, au umewajibia?" akauliza. Nikainamisha kichwa. Hakunigombeza. Aliniambia kuwa sifuri ya uongo ni uongo kama mwingine, na kwamba kumwuliza mtu juu ya kifo hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Karatasi zangu zote ziliondolewa katika hesabu, nami nikarudishwa Mombasa pamoja na mshauri.

Nilimwungamia bibi yule kosa langu, kisha nikamwuliza. Aliuweka ungo chini.

"Mwanangu, tangu mzee wangu atutoke, kila usiku namwomba Mungu anichukue. Siku ile nilikuona umelisoma, ukalikunja. Nikasema, basi, hata huyu hataki kujua."

Mshauri alikaa naye hadi alasiri. Kwa ridhaa yake mwanawe aliitwa, wakafuatana kliniki juma lile lile. Haya nayaandika kwa idhini yake, bila jina.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilitaka kumfichia mwingine maradhi yake, nikaiita heshima. Basi kijana unayetamani kuingia maabara kama yetu, usiulize kwanza kuna mitambo gani. Majibu ya watu ni amana. Jiulize kama utaweza kuuliza swali lote, na kuandika jibu lile lile ulilopewa.