Apt ikigoma, usianze na kufuta

Umeme umekatika seva ya Ubuntu ikiwa katikati ya kupokea masasisho, au bando limekuishia ukiwa umeingia kwa SSH kutoka mbali. Unarudi, unaandika apt upgrade, nayo inakujibu kwamba imeshindwa kupata kufuli kwenye /var/lib/dpkg/lock-frontend, au kwamba dpkg ilikatizwa kabla ya kumaliza. Mafundi wengi wana dawa moja wanayorithishana: futa hilo faili la kufuli, endelea na safari. Seva nyingi ninazoitwa kuzifufua ziliharibiwa na dawa hiyo, si na umeme.

Katika Debian na jamaa zake, Ubuntu ikiwamo, apt ni dalali tu: hutafuta pakeji, huzipakua na kupanga ipi itangulie. Mwenye kuziweka ni dpkg, na huifanya kazi yake kwa hatua mbili. Kwanza hufungua pakeji na kupeleka mafaili yake yanakohusika. Kisha huisanidi, yaani huendesha skripti inayowasha huduma, kutengeneza akaunti ya mfumo na mengineyo. Kila hatua huandikwa katika /var/lib/dpkg/status, faili la maandishi ya kawaida unaloweza kulisoma kwa less. Kwa hiyo dpkg hujua ilipoishia. Andika dpkg -l uone: ii ni pakeji iliyokamilika, iU imefunguliwa lakini haijasanidiwa, iF usanidi wake ulianza ukakwama. Amri ya kumalizia kiporo hicho ni dpkg --configure -a. Ikilalamikia pakeji tegemezi zilizokosekana, ifuatishe kwa apt --fix-broken install. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Turudi kwenye kufuli. Faili lile lipo muda wote, hata kama hakuna anayeendesha apt. Piga ls utaliona. Kinachozuia si kuwepo kwake. Kufuli lenyewe linatunzwa na kerneli kwa niaba ya mchakato uliolishika, na mchakato ukifa linaachiwa papo hapo. Maana yake ni kwamba umeme ulipokatika, kufuli nalo lilikatika. Ukiambiwa sasa hivi kwamba limeshikwa, kuna mchakato ulio hai unaofanya kazi. Ukifuta faili, mchakato huo haupokonywi chochote. Wewe unaunda faili jipya, unalishika, na tayari apt mbili zinaandika kwenye status moja bila kujuana.

Apt za miaka ya karibuni humtaja aliyelishika kwa namba na jina. Kwenye Ubuntu mara nyingi ni unattended-upgrades, anayeweka masasisho ya usalama bila kuombwa. Ratiba yake ya kawaida ni saa 12 asubuhi, ikisogezwa mbele kwa kubahatisha hadi dakika 60, na kama mashine ilikuwa imezimwa, kazi iliyopitwa huanza ikishawashwa. Ndiyo maana kompyuta ya ofisi inayozimwa kila jioni hugoma asubuhi. Seva iliyoachwa kwenye UTC nayo huanza saa 3 asubuhi ya Dar es Salaam na Nairobi, saa ambayo fundi naye anaketi mezani. Subiri amalize. Ukitaka kujua anafanya nini, soma /var/log/unattended-upgrades.

Kisa kingine cha mara kwa mara ni /boot kujaa. Ikiwa ni patisheni ya peke yake, na mara nyingi huwa hivyo pale diski iliposimbwa, kerneli za zamani hurundikana hadi initramfs mpya inakosa pa kuandikwa, na pakeji ya kerneli inabaki haijasanidiwa. Pima kwa df -h /boot, tazama kwa uname -r kerneli unayoitumia, kisha apt autoremove --purge. Apt ikikataa kwa kuwa kuna kiporo, ondoa kerneli moja kongwe kwa dpkg --purge na jina lake kamili. Usiifute kwa rm: dpkg itaendelea kuihesabu kuwa ipo.

Apt ikidai kwamba faili la Release halijaanza kuwa halali, angalia tarehe kabla ya kuilaumu intaneti. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, mashine huamka na saa ya miaka ya nyuma, timedatectl itakuonyesha.

Lipo pia swali linalowatoa watu jasho: umebadilisha /etc/nginx/nginx.conf, na toleo jipya limekuja na lake. Ukibonyeza Enter, lako linabaki na jipya linawekwa kando likiwa na mkia wa .dpkg-dist. Ukichagua Y, lako linahifadhiwa kwa mkia wa .dpkg-old. Mimi huanza na D, inayoonyesha tofauti mstari kwa mstari.

Kwa seva ya mbali, anzisha tmux au screen kabla ya apt upgrade, ili mtandao ukikatika kazi iendelee bila wewe. Unapohama toleo zima la Ubuntu kwa SSH, do-release-upgrade hukuwekea pia mlango wa dharura: huwasha SSH ya pili kwenye poti 1022. Ila ukuta wa moto haifungui yenyewe. Poti hiyo ifungue mapema, na uifunge ukimaliza.