Kilele cha Mafuta, na Dumu Langu

Wataalamu wakibishana kama mafuta ya dunia yamekaribia kilele, mimi nasikiliza kama mtu mwenye deni. Mashine yangu ya kusaga mahindi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, inakunywa dizeli, au mazuti, kama tunavyosema sisi wa Uvira, Kongo. Yakikosekana, kina mama wanapanga ndoo mlangoni tangu alfajiri na sina la kuwaambia.

Ubishi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1956 M. King Hubbert, mwanajiolojia wa Shell, alisema uzalishaji wa mafuta wa Marekani ungefika kileleni kati ya 1965 na 1970, kisha ushuke. Wengi walimpuuza; mwaka 1970 ukafika kileleni kweli. Hakusema visima vitakauka. Hoja ya kilele ni kwamba mafuta yaliyo rahisi kuchimba hutangulia, na yanayobaki hudai kazi na pesa zaidi. Baadaye Wamarekani wakaendeleza mbinu ya kupasua miamba kwa maji ya shinikizo kubwa, na kufikia 2018 walikuwa wamekipita kilele chao cha kwanza.

Sasa hoja imegeuka. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Nishati lilitabiri kwamba mahitaji ndiyo yatakayofika kileleni kabla ya 2030, magari ya umeme yakiongezeka. OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, wakakataa katakata. Dunia inatumia mapipa zaidi ya milioni 100 kwa siku, kila pipa lita 159, na kila upande una mafuta yake ya kuuza au sera yake ya kutetea.

Hata hivyo, mafuta kuwa ardhini ni jambo moja, kufika kwenye dumu ni jingine. Uganda waliyapata mwaka 2006. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limechukua miaka na miaka.

Malawi haichimbi hata tone. Mengi hupitia bandari za jirani kama Beira, Nacala au Dar es Salaam, na hulipiwa dola, ambazo nchi hii huzipata hasa msimu wa tumbaku. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, dizeli ikaruka kutoka kwacha 1,920 hadi 2,734 kwa lita. Wakati huohuo bei ya pipa duniani ilikuwa inashuka! Sasa hapo Hubbert anaingiaje?

Vituo vikikauka, nachukua minibasi hadi Kauma, pembeni mwa Lilongwe, kwa vijana wanaouza kwa dumu. Kwanza nadondoshea kidoleni, nasugua. Mazuti halisi yanateleza. Yaliyotiwa mafuta ya taa yanakauka upesi na kuacha ngozi ikikwaruza. Hayo yanaua pampu ya injini, na pampu nayo inaagizwa nje.

Jirani ananishauri nihamie kwenye sola, niachane na kilele chao. Nimeulizia mjini bei ya paneli na mota. Muuzaji alinipa bei ya wiki ile tu. Mzigo unaofuata, alisema, utategemea atapata dola kwa kiasi gani.