Kiongozi wa Safari Hutembea Nyuma: Siku Mbili Katika Vilima vya Kituntu

Sisi tunaoishi Kituntu hatuhitaji nauli ili kuviona vilima. Tunaamka navyo, tunalima katika miteremko yake, na watoto wetu huvipanda na kuvishuka kila siku wakienda shule na kuteka maji. Kwa sababu hiyo, lilipoletwa mbele ya kamati ya msikiti wetu pendekezo kwamba familia zitoke pamoja Jumamosi na Jumapili kwa ajili ya kupanda vilima tu, mjumbe mmoja mwenye umri mkubwa aliniuliza: "Katibu, mtu anayepanda kilima kila siku na mkungu wa ndizi kichwani, unamwalika apande kingine mikono mitupu. Atapata nini huko?"

Swali lake lilikuwa la haki, nami nilimjibu kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kuwa tunalala chini ya paa moja lakini hatukutani. Baba hutoka alfajiri kwenda shambani au mnadani. Kijana huchukua pikipiki akaenda kutafuta abiria Omurushaka na Kayanga, akarudi watoto wamelala. Mama ana jiko, kahawa ya kuanika na kikundi chake cha kuweka na kukopa. Nilimkumbusha pia kuwa wawili katika jamaa zetu wanadunduliza fedha za Hija, na kwamba sai peke yake, baina ya Safaa na Marwa, ni takriban kilomita tatu, mbali na mwendo wa Mina, Arafa na Muzdalifa. Mwili usiozoezwa kwa saburi nyumbani utalalamika huko.

Tena Qur'ani yenyewe inatuhimiza kutembea. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatuamrisha tutembee katika ardhi tuangalie namna alivyoanzisha uumbaji. Katika Suratul Ghashiya anatuuliza kama hatuitazami milima namna ilivyosimamishwa. Mtu anayepita mlimani na mkungu kichwani hutazama pale anapokanyaga tu, na hana lawama.

Jambo lililotuchelewesha zaidi ni la akina mama. Wapo waliosema kwamba mwanamke na mlima ni vitu viwili. Ustadhi wetu wa madrasa aliumaliza mjadala kwa upole. Alitukumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, akamshinda, na baadaye Mtume (s.a.w.) naye akamshinda. Basi tukakubaliana kuwa kila mwanamke atoke na mume wake au maharimu wake, wanawake watembee pamoja, na mahali pa kulala pawe mbalimbali. Mjumbe yule mwenye swali aliandikisha jina lake mwishoni kabisa, na akaongeza la pili: mjukuu wake wa kike mwenye umri wa miaka 12. "Bila huyu siendi," alisema. Baadhi yetu tulinong'ona kuwa mzee na mtoto watatuchelewesha. Nasema "baadhi yetu" kwa sababu nami nilikuwemo.

Tulitoka Jumamosi ya kiangazi baada ya swala ya alfajiri, watu 27. Kwa mujibu wa mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuwa wasafiri watatu na zaidi wamweke mmoja wao kuwa amiri, walinichagua mimi. Tulipita katika migomba ambamo giza lilikuwa halijaondoka, tukavuka mashamba ya kahawa, kisha tukatokea kwenye nyasi za malisho, ambako ng'ombe wenye pembe ndefu walitutazama kama wageni. Mabonde yote yalikuwa yamejaa ukungu mweupe, na vilele vikajitokeza juu yake kimoja kimoja. Nchi yetu ya Karagwe iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi huingia mpaka kwenye mifupa. Vijana walipanda wakileta takbira, na kila tulipoteremka tulileta tasbihi, kama Jabir bin Abdillah (r.a.) alivyosimulia kuwa ndivyo masahaba walivyofanya.

Kwenye mgongo wa kilima cha kwanza niliwakusanya vijana nikawasimulia habari za nchi yao. Niliwaambia kuwa njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora kwenda Buganda ilipita Karagwe, na kwamba Kafuro, si mbali na Bweranyange alikokaa Mfalme Rumanyika, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi yao. Niliwatajia Ahmed bin Ibrahim, anayehesabiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuufikisha ujumbe wa Uislamu kwa Kabaka Suna wa Buganda katika miaka ya 1840, na ambaye Stanley alimkuta Kafuro mwaka 1876. Niliwasimulia pia Waingereza wawili, Speke na Grant, waliofika kwa Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861. Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu. Mwezi Januari 1862 mwenzake akaendelea na safari ya Buganda, naye akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa kwenye himaya ya mfalme, hawezi kutembea.

Nilisimulia vizuri, na vijana walisikiliza. Ni hapo nilipowahesabu watu wangu nikapata 25.

Waliokosekana ni yule mzee na mjukuu wake. Hapakuwa na aliyejua waliachwa wapi. Waliokuwa mbele walidhani wako katikati, na akina mama walidhani wamepita na wanaume. Mimi amiri nilikuwa mbele tangu mwanzo, nikipima saa yangu na kufurahia mwendo wetu. Nilirudi mbio pamoja na vijana wawili, na kila kona tuliyoiteremka bila kuwaona, moyo wangu ulizidi kupiga.

Tuliwakuta chini ya mti, karibu nusu saa nyuma yetu. Mzee alikuwa ameketi, kanzu imelowa jasho ingawa upepo ulikuwa baridi. Mikono yake ilitetemeka, na macho yalikuwa mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mtoto alikuwa amepiga magoti mbele yake, amemmenyea ndizi mbivu, na pembeni kulikuwa na chupa ya maji aliyokoroga sukari. "Babu ana sukari," aliniambia bila kulia. "Imeshuka. Alimeza dawa akanywa chai tu. Nimemwambia anywe kidogo kidogo, sasa ananijibu."

Alikuwa ameona mama yake akifanya hivyo nyumbani, ndiyo maana mzee hakutaka kutoka bila yeye. Nilimuuliza mbona hakutuita. Alisema aliita mara mbili, lakini tulikuwa tunaleta takbira.

Maneno hayo yalinichoma, na bado yananichoma. Sauti zetu za kumtukuza Mwenyezi Mungu zilikuwa zimefunika sauti ya mtoto anayeomba msaada, na kosa halikuwa la takbira, lilikuwa langu mimi niliyezitanguliza mbali. Tulikaa pale mpaka mzee akaweza kula viazi na kuzungumza vizuri. Nilitaka arudishwe nyumbani kwa pikipiki. Alikataa. Akasema, "Sasa nimeshakula, Katibu. Ila mtembee kama watu, msitembee kama mnafukuzwa."

Adhuhuri iliingia tukiwa juu kabisa. Kutoka kwetu kibla ni upande wa kaskazini, kukielekea mashariki kidogo. Vijana kadhaa walitaka kupunguza swala wakisema tuko safarini. Ustadhi aliwafahamisha kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafii, safari inayomruhusu mtu kupunguza ni ya marhala mbili, yaani takriban kilomita 80 na zaidi, nasi hatukuwa tumetembea hata 15. Tukaswali rakaa nne kamili juu ya nyasi, kwa maji ya udhu tuliyoyapandisha katika madumu. Wengi waliniambia baadaye kuwa ile ndiyo swala watakayoikumbuka.

Usiku tulipokewa na Waislamu wa kitongoji jirani. Wanaume tulilala katika madrasa yao, akina mama katika nyumba za wenyeji. Baada ya ndizi na maharage, Ustadhi aliniomba niseme neno. Nilisimama nikakiri kosa langu mbele ya wote. Chuoni nilisoma, na katika mtihani nilijibu sawasawa, hadithi ya Jabir iliyomo katika Abu Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa safarini alikuwa akibaki nyuma ya msafara. Alimsukuma mbele aliye dhaifu, akampakia nyuma yake, na akawaombea dua. Kiongozi wa umma wote alijua kuwa aliye mbele hana haja naye, na kwamba mwenye shida daima huwa nyuma. Mimi niliijua hadithi hiyo kwa isnadi, nikatembea kinyume chake mchana kutwa.

Hapo baba mmoja, ambaye si mzungumzaji, alisema jambo ambalo halikuwa la mlimani. Alisema nyumbani kwake pia yeye hutangulia. Hupanga, huamua, huenda, na hudhani kuwa wote wanafuata kwa sababu hakuna anayepiga kelele. Kumbe mwanawe wa kwanza aliacha kufuata mwaka mzima uliopita. Kijana huyo alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakusema kitu, lakini asubuhi niliwaona wawili hao wakibeba dumu moja, mmoja upande huu na mwingine upande ule.

Jumapili tuligeuza mpangilio. Mzee na mjukuu wake walitangulia, wao ndio waliopima mwendo, na hakuna aliyeruhusiwa kuwapita. Vijana wenye nguvu waligawanywa katikati na nyuma, wakabeba mizigo ya wengine. Mimi nilikuwa wa mwisho. Tulichelewa kufika kwa saa moja na nusu tu kuliko tulivyokusudia, tukawahi alasiri msikitini kwetu. Nikiwa nyuma niliona mambo ambayo siku ya kwanza sikuyaona: nani anachechemea, mtoto gani amevaa viatu vya kaka yake, mama gani ananyamaza kwa uchovu na mwingine ananyamaza kwa huzuni.

Ndugu msomaji, kwa kuwa huenda msikiti wako nao ukapenda kutoka na familia zake, nanukuu hapa yale tuliyoyaandika katika daftari la kamati baada ya kupata pia maelezo ya muuguzi.

Kwanza, kabla ya kutoka, kila mtu aulizwe kwa siri hali ya afya yake na dawa anazotumia. Wazee wetu huona haya kusema mbele za watu.

Pili, mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge vya kushusha sukari asitembee mwendo mrefu bila kula, amuulize mtaalamu wake mapema kuhusu dawa za siku hiyo, na asitembee peke yake. Akianza kutoka jasho la baridi, kutetemeka au kuongea ovyo, apewe haraka kitu kitamu, kama vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji. Asubiriwe dakika 15, arudiwe kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akipoteza fahamu, asimiminiwe chochote mdomoni kwa kuwa huweza kumpalia, bali alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Tatu, watu wahesabiwe wakati wa kuondoka, katika kila mapumziko na wakati wa kufika.

Nne, anayekwenda polepole kuliko wote ndiye awekwe mbele, na amiri awe nyuma.

Kikao kilipofika mwisho, nilimkumbusha mzee swali lake la mwanzo, mtu atapata nini huko. Alifikiri kidogo akasema kuwa yeye alipata mtu wa kumngoja. Kisha akataka tuandike katika daftari kanuni ya tano, kwamba safari ijayo mfuko wa sukari ukabidhiwe kwa mjukuu wake, kwa jina, nasi tukaandika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachungaji wanaoyaona makundi yao, katika misikiti yetu na ndani ya nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.