Usishushe Bei, Pima Nondo Mbele ya Mteja

Mimi nauza nondo, ringi na binding waya hapa Rwamishenye, Bukoba. Duka ni dogo, wateja wengi nawapata WhatsApp. Ni watu wa huku kwetu walioko Dar na Mwanza, wanawajengea wazazi nyumbani. Wao wanatuma hela, fundi anapokea mzigo. Yaani anayelipa haoni anachonunua.

Mwanzo nilikuwa naposti kama wote: "Nondo bei poa, karibuni." Nikishusha bei, jirani naye anashusha. Nikatafuta mzigo wa bei ya chini zaidi, nikaupata. Nikamuuzia dada mmoja wa Dar nondo 40 za mm 12, za nyumba ya mama yake Muleba. Kesho yake fundi akanipigia: "Dogo, hizi nondo zako nyepesi." Nikabisha. Tukapima: kilo 9.3.

Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe karibu kilo 10.7. Kwa nondo 40, hapo zimepungua kilo 56, sawa na nondo tano nzima alizolipia na hakupata. Mimi nilipunjwa, na mimi nikampunja. Nikambadilishia mzigo wote kwa hela yangu na kumwambia ukweli. Faida ya miezi miwili ikaondoka.

Na huku kwetu hilo si la kufanyia mchezo. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 lilipotupiga, nilikuwa bado mwanafunzi. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika mpaka zikafungwa. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za tofali tupu, hazina nondo wala mkanda wa zege juu ya ukuta. Nondo ikishafunikwa na zege, hakuna tena wa kuikagua.

Baada ya pale nikaacha kushindana kwa bei. Sasa nafanya hivi:

1. Napima kabla sijalipa. Chukua mm, zidisha kwa zenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo za mita moja. Zidisha kwa 12. Mm 8 ni kama kilo 4.7, mm 10 kilo 7.4, mm 16 kilo 19. Huna mzani mkubwa? Kata kipande cha mita 1, peleka kwa muuza sukari. Cha mm 12 kiwe kama gramu 890. Pima na urefu, nyingine hazifiki mita 12.

2. Narekodi video fupi, nondo iko kwenye mzani na namba inaonekana. Naweka status, halafu namtumia mteja ya mzigo wake mwenyewe.

3. Nauza na kazi. Fundi ananitumia vipimo, nakata na kukunja ringi kabisa. Bei ya nondo kila mtu anaijua, ila ringi zilizokunjwa vizuri zinamuokolea fundi siku nzima, na faida yangu iko hapo. Ila ukubwa wa nondo sipangi mimi, hiyo ni kazi ya injinia na mchoro wake.

4. Risiti naandika idadi na kilo. Mzigo ukifika, fundi anahesabu huku anapiga picha, ndipo mteja anamalizia hela.

Sikudanganyi, wapo wanaoniacha kwa sababu jirani ana bei ya chini. Lakini yule fundi aliyenipigia simu ndiye anayeniletea wateja sasa hivi. Na yule dada juzi kaagiza nondo za choo na jiko.

Hata kama unauza vitenge, asali au simu, jiulize: mteja wangu hawezi kuona nini mpaka ameshalipa? Hicho ndicho uanze kumuonyesha.